Vijiti 32 kwa Zumaridi Moja

Katika ukoo wetu kuna watu wanaoijua almasi kuliko wanavyoijua bei ya unga. Hawajawahi kuishika mkononi. Wanaichimba kwenye kompyuta, ndani ya gemu iitwayo Minecraft, na wakiipata hupiga simu saa sita za usiku bila hata kuomba radhi. Mimi nauza vifaa vya ujenzi Buguruni, Dar es Salaam: misumari, nondo, bati, saruji. Mteja akiniambia anataka "kitu kizuri kabisa", simpi kitu mpaka aniambie kinakwenda kufanya kazi gani. Nondo ni nzuri, lakini hakuna anayeezekea nyumba kwa nondo. Swali hilo hilo nikiliuliza ndani ya gemu, naonekana mtu wa kuharibu shughuli.

Gemu yenyewe asili yake ni Uswidi. Markus Persson aliianza mwaka 2009, kampuni yake ya Mojang ikatoa toleo kamili Novemba 2011, na mwaka 2014 Microsoft ikainunua Mojang kwa dola bilioni 2.5. Fedha zote hizo kwa gemu ambayo kazi yako ya kwanza, ukishaingia, ni kuupiga mti ngumi mpaka utoe gogo. Gogo unalichana mbao, mbao unatengeneza meza ya ufundi, juu ya meza unaunda sururu ya mbao, kwa sururu hiyo unapata mawe, kwa mawe unaunda sururu nyingine, na kuanzia hapo ugomvi wa kifamilia unaanza.

Kwetu aliyetuingiza ni kaka yangu. Yeye ni fundi viyoyozi Muscat. Mkewe na kijana wao wako Shinyanga. Mimi niko huku. Tulikodi seva, tukachangiana, na wifi akawa mweka hazina kwa kura ya mtu mmoja, yaani yeye. Tunakutana baada ya chakula cha usiku, saa za Shinyanga, ambapo Muscat wako saa moja mbele na kaka ameanza kupiga miayo kwenye maikrofoni.

Sasa tuje kwenye mali. Kila kifaa katika Minecraft kina umri wake wa kazi, na umri huo unajulikana. Sururu ya mbao hufanya kazi mara 59 ikavunjika. Ya jiwe 131. Ya chuma 250. Ya almasi 1561, na ya netheraiti, ambayo ndiyo mwisho wa yote, 2031. Ya dhahabu ni 32. Umesoma sawasawa: dhahabu inashindwa na ubao. Lakini katika mara zake chache hizo hakuna sururu inayochimba kwa kasi kama ya dhahabu, hata hiyo ya netheraiti haiifikii. Kumbuka jambo hilo, maana wifi yangu alilikumbuka kabla yetu sote.

Mpwa wangu ni mtu wa almasi. Anadai iko damuni. Babu yake mzaa mama alifanya kazi Mwadui, kwenye mgodi alioupata John Williamson mwaka 1940, mahali ilikotoka ile almasi ya waridi ya karati 54.5 aliyopewa Elizabeth kama zawadi ya harusi mwaka 1947, kabla hajawa Malkia. Babu hakurudi nyumbani na almasi hata moja, walinzi walihakikisha hilo, na nadhani mjukuu ameamua kulipiza. Alizitafuta, akazipata, akaziweka kwenye sanduku, kisha akaendelea kuchimba kwa sururu ya jiwe.

"Mbona hutumii?" nikamuuliza.

"Nazitunza, Shangazi."

"Za nini?"

"Za baadaye."

Kijana ana miaka ambayo watu hudhani baadaye ni mahali. Sanduku alilikalisha chumbani kwake, juu ya sakafu ya kioo, na chini ya kioo akamimina lava ili chumba kiwe na mwanga wa kifahari. Nilimwambia kwamba dukani kwangu mafuta ya taa hayakai karibu na kiberiti. Akasema huu ni mtindo. Siku moja akatoka kwenda kukata miwa, akaacha mlango wazi, na kripa akamfuata aliporudi. Kripa ni kiumbe wa kijani asiye na mikono, anayekuja kimya, anatoa mlio kama wa utambi, analipuka. Mlipuko ulivunja sanduku, ukavunja kioo, na almasi zote zikashuka kwenye lava taratibu, moja moja, kila moja na sauti yake ya kuungua. Mpwa alinusurika kwa sababu alikuwa bado kizingitini. Sururu ya jiwe nayo ilinusurika, alikuwa ameishika.

Alijitoa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kwa siku kadhaa. Baba yake akapiga simu kutoka Muscat kumpa pole, na kutoka pole hiyo tukaingia kwenye mkasa wa kaka.

Kaka aliicheza Minecraft zamani, kabla hajasafiri, na alirudi kwetu na elimu yake yote ya enzi hizo ikiwa haijaguswa. Elimu hiyo inasema: almasi chimba ngazi ya 11. Ilikuwa kweli kabisa. Enzi zile ardhi ya gemu iliishia sifuri, na ukisimama 11 uko karibu na almasi na bado uko juu kidogo ya maziwa ya lava. Tatizo ni kwamba Novemba 2021 watengenezaji waliishusha sakafu ya dunia hadi hasi 64. Almasi nazo zikahama. Siku hizi watu hushuka mpaka hasi 59 hivi. Kaka hakupata taarifa. Alichimba njia ndefu ya ngazi ya 11 kutoka kijijini kwetu kuelekea mashariki, na kila usiku tulimsikia akilalamika.

"Chuma tu! Hapa kuna chuma tu!"

Kijana wake alitaka kumwambia. Mimi nikamtumia ujumbe pembeni: mwache baba yako, anafanya mazoezi. Ukweli ni kwamba katika dunia hii mpya chuma kimejaa zaidi ngazi ya 16. Kaka alikuwa amepiga kambi karibu na sebule ya chuma cha dunia nzima, akitafuta almasi, na chuma alikuwa anakimwaga nje kwa hasira. Nilikinunua karibu chote. Kwa mkate.

Naomba niseme neno kuhusu chuma kwa sababu hakuna anayekisemea. Watu huingia kwenye seva wakiota almasi, halafu wanakwama kwa kukosa ndoo. Ndoo moja ni mikuo mitatu ya chuma. Kwa ndoo ya maji unazima moto, unashuka mlima bila kufa, unaigeuza lava kuwa jiwe jeusi. Kwa ndoo ya lava unawasha tanuri na kuyeyusha vitu 100, wakati kipande cha makaa ya mawe kinakwisha baada ya vitu vinane. Na ndoo yako unarudishiwa. Hata almasi yenyewe, ukiipiga kwa sururu ya jiwe au ya dhahabu inavunjika na huambulii kitu. Inataka chuma. Wifi alilijua hili kwa uchungu siku alipokuta almasi tatu zimekaa pamoja, akazipiga zote kwa sururu yake ya dhahabu, haraka mno, kisha akatuuliza zimekwenda wapi.

Ndiyo, wifi ni mtu wa dhahabu. Kofia ya dhahabu, kifua cha dhahabu, viatu vya dhahabu, upanga wa dhahabu. Kinga yake ni hafifu na vinachakaa mapema. Nilimweleza kwa upole wa wifi kwa wifi.

"Wifi, hii dhahabu haihimili."

"Wifi yangu, kuhimili ni kazi ya kaka yako. Mimi nimekuja kupendeza."

Kaka, yeye, alijenga nyumba ya mbao na ndani yake akaweka jiko la kuotea moto, la wazi, kwa sababu Muscat hakuna baridi na alitaka angalau kwenye gemu ajue raha yake. Moto wa Minecraft unaruka. Uliruka kwenye dari, ukaruka kwenye paa, ukaruka kwenye kuta. Jumapili hiyo baba mkwe wangu alikuwa amekuja kututembelea, akaketi nyuma yangu na chai yake akitazama nyumba ya watu ikiteketea.

Baba mkwe ni fundi seremala wa Keko. Amechana mninga na mkongo tangu kabla mume wangu hajazaliwa, na bado anagonga mbao kwa kifundo cha kidole akisikiliza.

"Nani kajenga?"

"Kaka yangu, baba."

"Kwa mbao gani?"

"Mwaloni, baba."

"Ndiyo maana."

Siyo maana. Katika Minecraft mwaloni, mgunga, na miti mingine yote ya juu ya ardhi ina nguvu ileile na inaungua vilevile. Ukichagua, unachagua rangi. Lakini huyu ni baba mkwe. Nikasema ndiyo, baba. Akaomba nimwonyeshe mbao zote zilizopo. Nikamwonyesha. Alipofika kwenye mbao za mgunga, ambazo wachoraji wa Uswidi wamezipaka rangi ya chungwa iliyoiva, akaweka kikombe chini.

"Mama, mgunga nimeuchana mimi. Hauko hivi."

"Ndiyo, baba."

"Na unaniambia huu na mwaloni ni sawa tu? Mtu anaweza kutengeneza kabati kwa wowote?"

"Ndiyo, baba. Nguvu ni moja."

Alinyamaza. Nilimwonea huruma kwa kweli. Mzee ametumia maisha kujua ubao upi utapinda masika na upi utaliwa na mchwa, na hapa ameketi mbele ya dunia ambayo haina masika wala mchwa, na ubao ni ubao. Kumfariji nikamwambia kuna mbao mbili za pekee, nyekundu na nyingine ya bluu-kijani, zinapatikana Netha, dunia ya chini yenye moto, na kwamba hizo haziungui hata kidogo. Macho yakamrudi. Nilikuwa nazo chache nilizobadilishana na mpwa. Akataka jaribio. Nikaiweka nyekundu kwenye tanuri kama kuni, tanuri likaikataa. Nikaiweka karibu na lava, ikakaa.

"Hiyo," akasema baba mkwe, "ndiyo mbao. Mti gani?"

Sikuwa na budi. "Ni uyoga, baba."

"Nini?"

"Uyoga mkubwa."

Alikunywa chai yake mpaka chini. Kisha akasema tumjengee kaka yangu kwa hiyo nyekundu, na kwamba hilo la uyoga nisilirudie mbele ya mafundi wenzake.

Hivyo ndivyo tulivyofunga safari ya Netha. Uyoga mwekundu unamea kwenye misitu wanakoishi piglini, viumbe wenye sura ya nguruwe na pinde mkononi, na piglini wana tabia moja: mtu aliyevaa hata kitu kimoja cha dhahabu, kofia tu, viatu tu, hawamgusi. Ukiwa umevaa almasi mwili mzima bila dhahabu, wanakupiga mishale. Katika kundi letu mwenye dhahabu alikuwa mmoja, na alikuwa ameshazoea kuchekwa.

Wifi akafungua sanduku lake. Mimi akanipa kofia. Kijana wake akampa viatu. Mumewe akampa kofia pia, na kaka akakataa.

"Dhahabu haimfai mwanamume."

"Baba, hii ni picha," akasema mpwa.

"Hata picha. Bora kujizuia."

Sina neno na uchamungu wa kaka yangu. Mimi mwenyewe nilimheshimu. Ila alivuka mlango wa Netha na deraya ya chuma, akatembea hatua chache mbele ya piglini wanne, na sisi watatu tukapita katikati yao salama huku yeye akigeuka pini ya mishale. Alipokufa, vitu vyake vilimwagika kwenye lava pamoja na chuma chote alichokuwa amebakiza. Kwenye maikrofoni tulisikia akivuta pumzi ndefu, halafu akisema anakwenda kulala, kesho ana kazi.

Tulikata uyoga wa kutosha. Tungerudi kwa amani kama wifi asingeona dhahabu ukutani. Piglini wanapenda dhahabu kiasi kwamba ukiichimba machoni pao, kofia yako haikuokoi tena. Nililijua hilo na nikalitangaza kwa sauti. Lakini nimeshasema kuwa sururu ya dhahabu ina kasi, na wifi aliamua kasi hiyo inatosha. Haikutosha. Tulikimbia mbio ambazo sitazisimulia, mimi na magogo 40 na kitu ya mbao nyekundu mgongoni, nikimsikia mpwa akipiga kelele "Mama, acha! Mama, acha!" na mama yake akijibu "Moja tu ya mwisho!"

Mpaka hapa mtu anaweza kuuliza: na wewe unatumia nini? Vijiti. Nasema bila aibu. Kijijini kwetu kwenye gemu kuna mtengeneza mishale, mwanakijiji wa kawaida mwenye kofia ya unyoya, na yeye hununua vijiti 32 kwa zumaridi moja. Gogo moja linatoa mbao nne, mbao mbili zinatoa vijiti vinne, kwa hiyo gogo moja ni vijiti vinane. Magogo manne, zumaridi. Akishanunua sana hufunga biashara kwa muda, anarudi kwenye meza yake ya kazi, halafu anafungua tena. Zumaridi hizo unampelekea mhunzi wa vifaa, na mhunzi akishapanda ngazi anakuuzia sururu ya almasi ambayo tayari imezindikwa. Mpwa aliponiona nayo mara ya kwanza alidhani nimeiba. Sijawahi kuchimba almasi katika maisha yangu. Nimekata miti, nimeuza, nimenunua, ndivyo ninavyofanya kila siku kutoka asubuhi mpaka jioni.

Kwa kipindi fulani nilikuwa tajiri wa seva. Kaka alinikopa. Mpwa alinikopa. Hata mchango wa seva, wifi alitaka nilipie wawili, nikamkumbusha kwamba zumaridi za gemu hazipokelewi kwenye benki.

Kisha usiku mmoja mlango wa kibanda cha mtengeneza mishale uliachwa wazi. Sitamtaja aliyeuacha, ila alikuwa amevaa dhahabu. Zombi akaingia. Asubuhi ya gemu nikaenda na mzigo wangu wa vijiti, nikamkuta mteja wangu amekuwa wa kijani, mikono mbele, na biashara naye ikawa ni kung'atwa.

Kuna tiba. Unamrushia dawa ya kulegeza, halafu unamlisha tofaa la dhahabu, unasubiri akitetemeka mpaka apone. Tofaa la dhahabu linataka mikuo minane ya dhahabu kuzunguka tofaa la kawaida. Sikuwa na mkuo hata mmoja. Nilikuwa na zumaridi, chuma, makaa, mbao nyekundu zisizoungua, na vijiti visivyo na idadi. Seva nzima ilikuwa na sanduku moja tu lenye dhahabu.

"Wifi yangu," akasema mwenye sanduku, kwa sauti ambayo watu hutumia wakiwa wameketi kwenye kiti cha mbele harusini, "si ulisema haihimili?"

Akakubali kutoa, ila kwa sharti: tiba ataifanya mwenyewe. Nikaona ni ubinadamu. Alirusha dawa, akamlisha tofaa, tukasimama pale wote wanne mpaka yule mtengeneza mishale akarudi katika rangi yake na kofia yake. Nikapeleka vijiti 32, nikapata zumaridi yangu. Wifi naye akaja na vijiti vyake, vichache kuliko vyangu, naye akapata zumaridi ileile. Ni utaratibu wa gemu: mwanakijiji aliyeponywa humshukuru aliyemponya, humpunguzia bei, na hamjui mwingine.

Kwa hiyo sasa hivi mpango uko hivi. Miti nakata mimi, kwa shoka langu. Vijiti natengeneza mimi. Dukani anapeleka wifi, kwa sababu yeye ndiye mwenye bei, na zumaridi tunagawana nusu kwa nusu, baada ya kutoa kile anachokiita gharama za matibabu. Kaka amerudi kwenye njia yake ya ngazi ya 11, hatujamwambia. Mpwa ana almasi saba mpya na sanduku jipya; chini ya sakafu sasa ameweka maji.

Juzi wifi alinirudishia mzigo mzima. Akasema vijiti vya safari hii haviridhishi, nimletee vilivyonyooka. Nikamweleza kwamba ndani ya Minecraft kijiti ni kijiti, hakuna kilichopinda, hakiwezi kupinda. Baba mkwe alikuwa nyuma yangu na chai yake.

"Muulize kwanza," akasema, "ni vya mti gani."